Bibi Tilomai na Kamati ya Kumsifu

Bibi yangu Tilomai alipofariki, wa kwanza kulia kwa sauti walikuwa wale waliomnyang'anya darasa.

Walilia vizuri, siwezi kuwadhulumu. Mchungaji Elisara alilia akiwa amesimama, mkono kifuani, kichwa kimeinamia upande ule wenye watu wengi. Mke wake, Oneata, alilia huku akielekeza viti vipangwe vipi. Mzee Seufale, mwenyekiti wa baraza la wazee wa kijiji chetu, alilia kwa pua tu, kama inavyompasa mtu mwenye cheo. Mimi niliyeishi na marehemu miaka ishirini nilikuwa jikoni natafuta sufuria kubwa, kwa sababu waombolezaji wenye uchungu wa namna ile huwa na njaa ya namna ileile.

Naitwa Leitu. Nauza tiketi za feri bandarini Salelologa, hapa kisiwani kwetu, kazi inayomfundisha mtu kutoshangazwa na binadamu. Wiki ile nilishangaa.

Bibi alifundisha shule ya Jumapili miaka arobaini na saba. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na kijiti cha kuonyeshea herufi, sauti iliyosikika hadi ufukweni, na sufuria ya uji wa mchele na kakao aliyoibandika kila Jumapili kabla ya kengele ya kwanza. "Mtoto mwenye njaa hasikii kitu," alikuwa akisema. "Hata malaika akimpigia tarumbeta sikioni, atauliza kama hiyo tarumbeta inalika." Basi aliwalisha kwanza, akawachana chawa, akawakata kucha, halafu ndipo akawaeleza habari za Mungu, nao walimsikiliza kwa sababu tumbo limeshatulia na kichwa hakiwashi tena. Nusu ya kijiji ilijua kusoma kwa sababu yake. Mzee Seufale mwenyewe alijifunzia herufi mbele ya kijiti kile, na alichelewa sana kuelewana na herufi G.

Hakuwa malaika, na mimi sitamfanya awe. Sala zake za chakula zilikuwa janga. Aliwaombea wajukuu wote kwa majina, akahamia wajukuu wa jirani, akapita kwa waziri wa elimu, akamalizia kwa mbwa wetu aliyekuwa na kidonda mguuni, na samaki aliyetoka motoni akiwa anachemka tulimla amekauka kama kandambili. Kanisani alisinzia kila mahubiri. Kofia yake nyeupe ilianza kushuka taratibu wakati mchungaji anatangaza somo, na ikifika kwenye nyusi, tulijua mahubiri yamefika katikati. Lakini alikuwa akimwamini Mungu kama mtu anavyomwamini jirani wa karibu: akimsalimia, akimlalamikia, akimuuliza mbona mvua.

Mchungaji Elisara aliletwa kijijini kwetu miaka mitatu kabla ya msiba. Alikuja na projekta, shati jipya la kila Jumapili, na neno "mpango". Kila kitu kilikuwa na mpango. Oktoba yake ya kwanza, wiki mbili kabla ya Jumapili ya Watoto, alitangaza mpango wa maandamano. Kwetu siku ile watoto huvaa nyeupe, huandamana hadi kanisani, kila mmoja husema aya yake mbele ya watu wote, halafu wakubwa huwapakulia wao chakula kwanza. Ni siku moja katika mwaka. Mpango wa mchungaji ulisema kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa watakaa nyuma kabisa, wavae nguo za kawaida, na hawatasema aya, "ili kanisa lisionekane linabariki uzembe".

Katika kijiji chote, watoto wa namna hiyo waliojulikana rasmi walikuwa wawili. Wasiojulikana rasmi walikuwa wengi zaidi, na baadhi ya baba zao walikuwa wameketi kwenye kamati iliyopitisha mpango. Mmoja wa wale wawili alikuwa Fetu, wa miaka sita, binti ya Lupe anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Lupe alikuwa hajakanyaga kanisani tangu mimba ilipoanza kuonekana. Fetu hakukosa hata siku moja. Alikuwa na kichwa kinachoshika aya kama gundi.

Siku ilipofika, maandamano yalikata kona ya kanisa, na mbele kabisa, gauni jeupe limepigwa pasi hadi linakatika, alikuwa Fetu. Bibi alikuwa amemshonea. Lilitokana na shuka letu zuri.

Mchungaji alishuka ngazi haraka, akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Mama Tilomai," alinong'ona, "si tulikubaliana?"

"Ulikubaliana na nani, mwanangu? Mimi nilikuwa nasuka mkeka."

"Kamati ilikaa."

"Basi iendelee kukaa, sisi tunapita. Watoto, imbeni!"

Fetu alisema aya yake bila kukwama. Lupe alikuwa amesimama nje karibu na kisima, amejifanya anachota maji. Alichota maji kwa saa nzima.

Wiki mbili baadaye bibi alistaafishwa. Kulikuwa na sherehe. Mchungaji alisema mama yetu amechoka na kanisa linataka apumzike. Alipewa cheti kilichoandikwa "Tilomia", pamoja na saa kubwa ya ukutani. Saa ya ukutani, kwa mwanamke ambaye nyumba yake ni paa na nguzo na haijawahi kuwa na ukuta hata mmoja! Bibi aliishukuru kamati kwa heshima zote. Akaifunga saa ile kwenye nguzo kwa kamba ya nazi, juu ya mahali anapokaa, na Jumatano iliyofuata saa tisa alasiri akapiga makofi mara tatu. Watoto waliokuwa wakichezea barabarani walikuja mbio kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo kijiji kikawa na madarasa mawili. La mchungaji lilikuwa na projekta na watoto wanane, watatu kati yao wakiwa wake mwenyewe. La bibi lilikuwa na kijiti na watoto hamsini. Baada ya mwezi, mtoto wa pili wa mchungaji naye alionekana kwetu, anakula uji.

"Baba yako anajua uko hapa?" bibi alimuuliza.

"Hajaniuliza."

"Jibu zuri. Kaa."

Mchungaji alipeleka malalamiko kwa baraza la wazee: mafundisho bila kibali, mgawanyiko, ukaidi. Baraza lilimwita bibi, wazee kumi na wawili kila mmoja kwenye nguzo yake. Mzee Seufale alisoma hukumu. Faini ni nguruwe mmoja mkubwa, wa kuliwa na baraza, Jumamosi.

"Mnamtaka mbichi au amepikwa?" bibi aliuliza.

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyetegemea swali hilo.

"Amepikwa," alisema Seufale.

"Haya. Na wewe Seufale kaa vizuri, unapinda mgongo."

Tulikuwa na nguruwe mmoja tu, tuliyemlea kwa ajili ya Krismasi. Jumamosi ile tulimtoa kwenye tanuri la mawe, ngozi yake imekauka inang'aa, na watoto wakubwa wa darasa wakambeba kwenye mti. Hamsini walifuata nyuma wakiimba pambio, wamepaka mafuta, wamechana nywele. Kijiji kizima kilitoka kutazama faini inavyolipwa. Bibi aliingia mbele ya baraza, akamweka nguruwe katikati, akasema, "Tuombe."

Akaomba. Aliwataja wazee wote kumi na wawili kwa majina, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alimkumbushia Mungu jambo dogo la utotoni mwake: huyu alikojoa kanisani siku ya Jumapili ya Watoto, yule alikuwa akiiba mapapai ya mchungaji wa zamani, na Baba tunakushukuru kwa kuwa leo ni waamuzi. Nguruwe alipoa hadi mafuta yakaganda meupe. Baraza lilimla hivyohivyo, kimya kimya, na tangu siku hiyo halikumwita tena.

Alifundisha miaka miwili zaidi. Akafa Jumatano moja alasiri, mwenye miaka themanini na minne, ameegemea nguzo, wakati watoto wanasema aya zao. Walidhani amesinzia, na kusinzia kwake walikuwa wamekuzoea. Waliendelea, mmoja baada ya mwingine, wote, hadi wa mwisho wa miaka minne. Nilipofika kutoka bandarini niliwakuta wamekaa kimya mistari mitano, jambo ambalo halijawahi kutokea. Fetu, wakati huo ana miaka minane, alinyanyuka akaja kunishika sketi.

"Shangazi Leitu," alisema, "tumekosea mara nyingi na Bibi hajasema 'rudia' hata mara moja."

Ndivyo nilivyojua.

Kufikia Ijumaa kijiji kilikuwa kimejaa watoto wa marehemu. Mjomba Sanele alikuja kutoka Auckland, mama mkubwa Makerita kutoka Sydney. Walikuwa hawajaja nyumbani miaka kumi na mmoja. Walikuwa wakiongea na bibi kwenye simu ya video, ambako yeye alikuwa akiishika simu vibaya na wao wakaona paji la uso tu. Labda ndiyo sababu ya yaliyotokea kwenye fulana. Mjomba alileta fulana mia mbili nyeusi zenye picha ya mama yake kifuani na maandishi ya dhahabu: MAMA WA WATOTO WOTE. Alifungua boksi mbele ya watu, akaitandaza moja, akaanza kulia.

Nilitazama picha. Nikatazama tena. Yule hakuwa bibi. Alikuwa dada yake, Bibi Avea, aliyefariki zamani, na ambaye watoto alikuwa akiwafukuza uani kwake kwa mawe.

"Mjomba," nilisema polepole, "hii picha umeipata wapi?"

"Kwenye albamu ya Makerita. Tazama alivyokuwa mzuri, Leitu. Tazama macho."

Mama mkubwa Makerita aliitazama picha, akanitazama mimi, na niliona anajua. Akafumba mdomo. Watu wote walivaa. Kwa siku tatu kijiji kizima kilitembea na uso wa Bibi Avea kifuani, na nina hakika huko aliko alichukia sana.

Kazi yangu ilikuwa historia ya marehemu. Niliandika kurasa nne kwa mkono, usiku na mchana nikiwa sijalala vizuri, na niliandika yote: uji, chawa, gauni la Fetu, saa, nguruwe. Ijumaa alasiri niliitwa nyumbani kwa mchungaji, ambako kamati ilikuwa imekaa. Mchungaji alikuwa na kalamu nyekundu. Mzee Seufale alikuwa na kikombe cha chai. Mjomba na mama mkubwa walikuwa kwenye kochi, wamechoka na safari.

"Imeandikwa vizuri sana," alianza mchungaji. "Ina hisia. Tuirekebishe kidogo tu. Hapa umesema 'alistaafishwa'. Tuseme 'aliomba kupumzika'."

"Hakuomba."

"Moyoni aliomba. Mimi nilimwona usoni."

"Usoni alikuwa amevaa kofia, mchungaji."

Mjomba alikohoa. Kalamu ikaendelea.

"Na hapa kuna nguruwe," alisema Mzee Seufale. "Huyu nguruwe anatafuta nini kwenye historia ya mtu wa Mungu?"

"Si mlimla nyinyi, mzee."

"Tuandike kwamba mama alipenda kuwakirimu wazee."

"Ilikuwa faini."

"Alikuja akiimba," alisema Seufale kwa utulivu. "Mtu anayelipa faini haimbi. Andika alitukirimu."

Fetu na Lupe walifutwa kwa mstari mmoja mrefu. Mchungaji alieleza kwamba si vizuri kumtaja mtoto wa watu hadharani, tunamlinda. Mahali palipobaki wazi alijaza mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: kwamba marehemu alimchukua mtumishi mpya kama mwana aliyemzaa, na siku zake za mwisho alimkabidhi kijiti cha malezi. Nilimuuliza ni kijiti kipi, maana cha kuonyeshea herufi kilikuwa kwetu, juu ya kabati.

"Ni lugha tu, Leitu," alisema mama mkubwa Makerita. "Acha ubishi. Tunamzika mama, hatuko mahakamani."

Nikaacha. Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeshawasema wengine: niliacha upesi. Nilikuwa nimechoka, mjomba alikuwa amevimba macho, na pia nilikuwa nimeambiwa nitasoma kwenye kipaza sauti mbele ya watu mia sita nikiwa na gauni jipya jeupe. Nililipenda gauni lile.

Jambo la mwisho kwenye ratiba lilikuwa watoto. Hotuba zilikuwa kumi na mbili, kwaya nne. Oneata alisema watoto wakae nje chini ya turubai, kwa sababu watapiga kelele na wageni wametoka mbali.

"Watoto hamsini wa darasa lake?" nilisema.

"Watasikia kila kitu," alisema mchungaji. "Tumeweka spika mbili kubwa nje."

Jumamosi asubuhi jeneza lilikuwa mbele, limefunikwa mikeka ya heshima hadi halionekani. Nilisimama nikasoma. Nilisoma vizuri mno. Nilitua panapotakiwa, nikatetemesha sauti kwenye "aliomba kupumzika", na nilipofika kwenye "kama mwana aliyemzaa" watu walitoa sauti ya huzuni na mchungaji akainamisha kichwa. Wakati huo macho yangu yalimwona Lupe. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane alikuwa ndani ya kanisa, amesimama mlangoni kabisa, nusu ndani nusu nje. Hakuwa amevaa fulana. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma bei ya kitu asichotaka kununua.

Nikakaa. Gauni lilinibana kwapani.

Zikapita hotuba sita. Kila mmoja alikuwa ndiye aliyependwa zaidi. Mzee Seufale alisema marehemu hakuwahi kutofautiana na baraza. Mjomba Sanele alisema mama alimpigia kila wiki, jambo ambalo ni kweli, ila hakutaja nani alikuwa hapokei. Hatimaye mchungaji akapanda mimbarini. Alinyoosha mikono juu ya jeneza, akafumba macho, akaanza kusema kwa kichwa ile aya ambayo kila mtoto wa kisiwa hiki anaijua kabla hajajua kufunga vifungo: ile ya watoto wadogo kuachwa waende kwa Bwana wala wasizuiwe. Alianza vizuri. Katikati akateleza. Sijui alikuwa anafikiria nini, labda projekta, kwa maana alianza na watoto wadogo akaishia kwa wafanyakazi wa shamba la mizabibu na ujira wao.

Na kutoka nje, chini ya turubai, koo hamsini kwa mara moja:

"Rudia!"

Hawakuwa na utovu wa adabu wowote. Naapa. Ndivyo walivyofundishwa: mwenzako akikosea aya, humcheki, humsemi, mnamwambia wote pamoja arudie, halafu mnamngoja. Spika zilikuwa zimewafikishia kosa, nao wakafanya wajibu wao kama siku zote.

Mchungaji alifumbua macho. Akatabasamu. "Amina, watoto," alisema, kana kwamba ilikuwa sehemu ya ibada, na akaianza tena. Watoto wadogo, wasizuiwe, kisha pale pale, kama gari lililokwishazoea shimo lake, akaingia shamba la mizabibu.

"Rudia!"

Safari hii haikuwa nje peke yake. Kwenye benchi la wazee, sauti nzito ya chini ilikuwa imesema nao. Mzee Seufale alikuwa amekaa wima, mikono magotini, mgongo umenyooka kama wa mtoto wa miaka saba, na sidhani alijua kwamba amefungua mdomo. Mapepeo ya mikono yalipanda juu ya nyuso za akina mama, na nyuma ya mapepeo mabega yalikuwa yanatikisika.

Oneata alitoka nje karibu mbio. Kwa kuwa turubai lilikuwa karibu na mlango, tulimsikia wote.

"Nyamazeni! Hamna adabu? Ni msiba huu!"

"Lakini Mama Mchungaji," ilijibu sauti nyembamba, "bado hajaimaliza."

Mimbarini, mchungaji alikuwa ameshika kingo za meza. Jasho lilikuwa limechora mstari kwenye kola. Angeweza kuruka mbele, angeweza kusema tuimbe. Lakini kanisa lote lilikuwa linangoja, kwa sababu kanisa lote lilikuwa limepita kwenye mikono ya yule mwanamke aliyelala chini ya mikeka, na wote tulijua kwamba aya isiyokwisha haiachwi. Ndipo Fetu akaingia. Alipita pembeni ya Oneata, akapita kiunoni kwa mama yake, akasimama mwisho wa njia ya katikati na gauni lake jeupe lililokuwa limeshakuwa fupi. Akamtajia maneno mawili ya kwanza, kwa upole, kama unavyomshikia mtu mlango.

Mchungaji aliyarudia. Fetu akampa mawili mengine. Wakaenda hivyo, mtoto wa nje ya ndoa na mtumishi wa Bwana, neno kwa neno, hadi mwisho. Watoto walio nje walisema "Vizuri", kwa sababu hilo nalo walifundishwa.

Hotuba tano zilizosalia zilikuwa fupi sana.

Baada ya maziko, watu wakiwa wanakula magimbi na nyama ya kopo, niliitwa nyuma ya nyumba. Mchungaji hakuwepo, alikuwa na kichwa kinamuuma. Mjomba Sanele alikuwepo.

"Umetuaibisha," alisema. "Umewafundisha wale watoto."

"Mimi? Mimi nimesoma uongo wenu neno kwa neno, mjomba, na sikukosea hata mkato. Ningekosea ningeambiwa nirudie."

"Huyo ni mama yangu, Leitu!"

"Basi vua hiyo fulana. Huyo uliyemvaa ni Bibi Avea."

Alitazama chini kifuani kwake. Kisha akamtazama dada yake aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani.

"Nilijua tangu Ijumaa," alisema mama mkubwa Makerita. "Ungenifanya nini? Mia mbili, Sanele."

Mjomba alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akalia tena, na safari hii hakuangalia kama kuna anayemwona. Nilimletea maji. Sikuona raha niliyodhani ningeiona.

Jioni nilimkuta Lupe kwenye bomba anaosha masufuria yetu, bila kuombwa na mtu.

"Umesoma vizuri," alisema bila kugeuka. "Una sauti nzuri. Yule mama uliyemsoma ningependa sana kukutana naye."

Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta sahani.

Mwaka umepita. Kanisa limejenga ukumbi mpya wa watoto, wenye kuta nne, na juu ya mlango limeandikwa jina la bibi, safari hii bila kosa, nilienda kuhakikisha. Mzee Seufale alikata utepe. Ukumbi una zulia la kijani, kwa hiyo unafungwa kwa kufuli ili watoto wasiuchafue. Oneata anakaa na ufunguo. Mpango wa kuwatenga watoto kwenye maandamano haukutajwa tena. Oktoba iliyopita walipangwa kwa urefu, na mchungaji alisoma aya zake zote kutoka kwenye karatasi.

Darasa liko kwetu bado. Nilijaribu kulifundisha mimi, siku tatu. Siku ya nne Lupe alinyanyuka nyuma alikokuwa amekaa akichambua maharage, akanipokonya kijiti, akasema, "Nenda kapike." Anafundisha vizuri kuliko mimi, anafoka kuliko bibi, na kanisani bado anasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mimi napika uji. Huwa unashika chini.

Jumatano moja niliamua kujisafisha. Nilitoa zile kurasa zangu nne za kwanza, zenye michirizi myekundu juu yake, nikawasomea watoto historia yote ya kweli ya bibi, kuanzia chawa hadi nguruwe. Nilitetemesha sauti, na safari hii haikuwa kwa makusudi. Nilipomaliza nilikunja kurasa.

"Umesahau," alisema Fetu.

"Nimesahau nini?"

"Kila Jumatano kabla ya kwenda nyumbani alikuwa anatuambia tukuombee wewe."

Nilimtazama Lupe. Lupe alitazama pembeni, anauma midomo asicheke.

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Alisema unajifanya mjanja sana, na umri unakwenda, na kanisani unakwenda kwa ajili ya nguo."

"Alisema hivyo mbele yenu wote?"

"Kila wiki," walisema wote pamoja.

"Na mlikuwa mnaombaje?"

Fetu alifikiri, akajaribu kukumbuka sawasawa.

"Tulikuwa tunataja jina lako," alisema, "halafu yeye anasema, 'Bwana, hapo unajua mwenyewe.'"